Mirathi inakwama kati ya wakili, mhasibu, mthamini na mpimaji: mnaipangaje kazi ya pamoja?

Karani_wa_Mirathi (Nairobi)

Habari wadau. Naomba ushauri wa wale wanaoshughulika na wosia na mirathi kila siku.

Faili nyingi zinazopita ofisini kwetu hapa katikati ya jiji zina mali ya mchanganyiko: nyumba au kiwanja Nairobi, shamba la familia nje ya jiji, akiba na hisa za Sacco, akaunti mbili tatu za benki, pensheni, na mara nyingine kampuni ndogo ya familia. Kila mali ina mtaalamu wake. Wakili anashika kesi, mthamini anatoa thamani, mhasibu anafuatilia madeni na KRA (mamlaka ya kodi), mpimaji anangoja kugawa shamba, na benki nayo inataka karatasi zake.

Kila mmoja anaijua kazi yake. Kazi huharibika inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mthamini anatumiwa namba ya kiwanja iliyokwisha kubadilishwa. Mhasibu anasikia habari za mkopo baada ya ombi kuwasilishwa mahakamani. Mpimaji anapewa cheti cha uthibitisho (cha mahakama, kinachoonyesha nani anapata nini) chenye mgao usiowezekana ardhini. Familia inalipa kitu kimoja mara mbili, kisha inaanza kushuku kwamba inazungushwa.

Maswali yangu ni haya. Nani aongoze? Taarifa zipi zikae mahali pamoja, na kwa umbo gani? Na ni hatua zipi ambazo mtu hafai kuzivuka kabla ya kumuuliza mwenzake? Nazungumzia hasa mirathi isiyo na wosia, ila mwenye la kusema juu ya wosia pia karibu.

---

Wakili_Milimani

Karani, umegusa penyewe. Mikutano mingi haitakusaidia. Kinachosaidia ni rejista moja ya mali ambayo kila mtaalamu anaitumia na ambayo mtu mmoja tu anaruhusiwa kuibadilisha.

Jedwali la Excel linatosha. Kila mali ipewe mstari na namba yake ya faili (M1, M2, M3), kisha safu hizi: maelezo kamili, jina la mwenye mali kama lilivyo kwenye hati yenyewe, herufi kwa herufi, aina ya umiliki, hati asili iko kwa nani, thamani siku ya kifo, thamani ya sasa, deni lililo juu yake, mtaalamu anayeishughulikia, hatua inayofuata na tarehe yake. Barua, ripoti au ankara yoyote itakayoandikwa baadaye itaje namba hiyo ya M. Mthamini akiandika "M3" hakuna atakayeuliza anazungumzia kiwanja kipi.

Safu ya jina hupuuzwa, na ndiyo ya gharama kubwa. Marehemu anaweza kuwa na majina matatu kwenye kitambulisho, mawili kwenye hatimiliki, na jina la ubatizo pekee kwenye cheti cha hisa. Msajili wa ardhi akikuta jina la kwenye cheti cha uthibitisho halilingani na la hatimiliki, anarudisha karatasi zote. Tofauti hizo zikigunduliwa wiki ya kwanza, unaandaa hati moja ya kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na ombi linawasilishwa likiwa na majina yote kwa mtindo wa "ajulikanaye pia kama". Zikigunduliwa mwishoni, unarudi mahakamani kuomba cheti kirekebishwe.

Aina ya umiliki nayo inaamua kama mali ni ya mirathi hata kidogo. Hapa ndipo wakili na mhasibu hukosana kwa sababu kila mmoja ana orodha yake:

Nyumba iliyosajiliwa kwa wenzi wawili kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika humwendea aliyebaki hai. Unapeleka cheti cha kifo kwa msajili, jina la marehemu linafutwa, basi. Ikiwa umiliki ni wa pamoja wenye hisa, hisa ya marehemu inaingia kwenye mirathi.

Mafao ya mfuko wa pensheni si sehemu ya mirathi. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinasema hivyo waziwazi, na wadhamini wa mfuko hulipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Usiyaweke kwenye jedwali la mgao kisha ushangae wadhamini wanapokataa cheti chako.

Akiba na hisa za Sacco hufuata fomu ya mtu aliyeteuliwa na mwanachama. Uliza fomu hiyo kabla ya kuziorodhesha.

Kampuni ya familia: kilicho cha marehemu ni hisa zake. Kiwanja kilichosajiliwa kwa jina la kampuni ni cha kampuni. Kosa hili hurudiwa sana, na mthamini hulipwa kuthamini kiwanja ambacho mahakama ya mirathi haiwezi kukigawa. Aliyestahili kupewa kazi hiyo ni mhasibu wa kuthamini hisa.

Ploti za kampuni za kununua ardhi, zile za cheti cha hisa na karatasi ya kura ya kugawia ploti, ziandikwe kama zilivyo: hisa na haki ya kupewa kiwanja. Usiandike "ardhi" wakati hatimiliki haijatoka.

Sasa thamani. Watu huandika makadirio kwenye hati ya kiapo na kumwita mthamini baadaye kabisa, kisha mambo yanageuka. Mahakama ya hakimu ina kikomo: hakimu mkuu shilingi milioni 20, na chini yake kikomo hushuka kufuatana na cheo hadi milioni 5. Ukiwasilisha mbele ya hakimu mkuu kwa makadirio ya milioni 18, halafu ripoti ya mthamini ikaja na milioni 26, kesi yote inapaswa kwenda Mahakama Kuu. Miezi imepotea. Kwa hiyo makadirio yakikaribia kikomo, tafuta barua fupi ya mthamini aliyesajiliwa kabla ya kuwasilisha. Ripoti kamili inaweza kufuata.

Kalenda nayo iwe moja, na ianze na tarehe ya kifo na tarehe ya granti (kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi). Chukua mfano: kifo 4 Agosti 2024, granti 10 Machi 2025. Orodha kamili ya mali na hesabu zinadaiwa ndani ya miezi 6 tangu granti, yaani kufikia 10 Septemba 2025. Kwa kawaida uthibitisho nao huombwa baada ya miezi hiyo 6 kupita, isipokuwa mahakama iruhusu mapema. Mwaka ukiisha, 10 Machi 2026, bila ombi la uthibitisho na bila mahakama kuongeza muda, yeyote mwenye maslahi anaweza kuomba granti ifutwe chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Mirathi. Granti ikithibitishwa 20 Novemba 2025, usimamizi unapaswa kukamilika ndani ya miezi 6, yaani kufikia 20 Mei 2026. Mhasibu, mthamini na mpimaji wote wawe na tarehe hizi ukutani. Mpimaji asiyejua kuhusu 20 Mei atakupangia kazi mwezi wa Julai, na hatakuwa na kosa.

Kabla ya uthibitisho mtu asigawe mtaji wa mirathi. Ardhi haiuzwi kabla ya uthibitisho. Kifungu cha 82 cha sheria hiyohiyo kinakataza. Na anayeingilia mali ya marehemu bila idhini kabla ya granti anakabiliwa na kifungu cha 45: faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na bado atawajibika kurudisha alichochukua. Mweleze hivyo hata dalali anayeleta wanunuzi.

---

Mhasibu_SouthC

Nakubaliana na rejista moja. Pale wakili alipoandika "mtu mmoja tu", ningependekeza huyo awe karani wa faili au mhasibu, kwa sababu wakili hushinda mahakamani na jedwali hukaa wiki tatu bila kuguswa.

Upande wa hesabu una mambo manne ambayo wenzetu hutuletea yakiwa yamechelewa.

La kwanza ni benki. Benki haitampa mtu yeyote taarifa za akaunti kwa sababu tu ni mtoto wa marehemu. Familia isipojua salio, ombi huwasilishwa na makisio. Njia iliyo wazi ni kuomba granti yenye mipaka kwa ajili ya kukusanya na kuhifadhi mali, au amri ya mahakama ya kupata taarifa, kisha kuiandikia kila benki barua moja inayouliza salio siku ya kifo, mikopo, dhamana alizotoa marehemu, sanduku la kuhifadhia vitu, na malipo ya kila mwezi yanayoendelea kukatwa. Barua hiyo tuiandike pamoja na wakili. Akiandika peke yake huuliza salio tu, na deni la dhamana linajitokeza wakati wa mgao.

La pili ni mkopo wa nyumba. Kabla ya mtu kuanza kulipa awamu kutoka mfukoni, ulizeni kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha. Mara nyingi ipo, na salio lote linaweza kulipwa na bima. Madai hayo yana muda wake kwenye mkataba, na anayejua muda huo ni benki au wakala wa bima, ambaye kwa kawaida hajaalikwa kwenye mazungumzo.

La tatu ni kodi, na hapa tarehe ya kifo ni muhimu kuliko tarehe ya granti. Hakuna kodi ya urithi Kenya. Ipo kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Mali kuhamia kwa msimamizi, na kutoka kwa msimamizi kwenda kwa mrithi, hakutozwi. Sheria ya Kodi ya Mapato pia inasamehe mauzo yanayofanywa kwa ajili ya kusimamia mirathi, kwa mfano kuuza kiwanja ili kulipa madeni, mradi yakamilike ndani ya miaka 2 tangu kifo, au muda mrefu zaidi ambao Kamishna ameuruhusu kwa maandishi. Kukiwa na kesi juu ya mirathi hiyo, miaka 2 huhesabiwa kuanzia kesi inapomalizika. Katika mfano wa wakili, dirisha hilo linafungwa 4 Agosti 2026. Mirathi ikithibitishwa Novemba 2025 na mnunuzi akavuta miguu hadi Septemba 2026 bila mtu kuomba nyongeza ya muda, warithi wamejitwisha mzigo ambao ungeepukika. Tena mrithi akishapokea kiwanja kwa jina lake na kukiuza kwa faida, kodi hiyo inamhusu yeye. Kwa hiyo swali la "tuuze kwanza au tugawe kwanza" liwe la wakili na mhasibu kwa pamoja, kabla jedwali la mgao halijaandikwa.

Usisahau kwamba nyumba za kupangisha haziachi kuingiza kodi ya pango siku mwenye nyumba anapofariki. Pesa hizo ziingie kwenye akaunti moja ya mirathi, si kwenye simu ya kaka mkubwa. Hesabu za miezi 6 zisizoonyesha pango ndizo huzaa mapingamizi mahakamani.

La nne ni malipo yetu wenyewe. Ripoti ya mthamini hukaa kabatini kwa sababu hajalipwa, na hajalipwa kwa sababu hakuna aliyeandika nani analipa. Kila mtaalamu apewe barua ya kumpa kazi yenye mambo haya: anamtumikia nani (msimamizi, si mtoto mmoja), kazi inaishia wapi, bei, lini inalipwa, na kama gharama inarudishwa kutoka kwenye mirathi. Ukurasa mmoja. Barua hizo ziwe tayari kabla ya mtu kwenda uwanjani.

---

Mpima_Ardhi_254

Naongeza ya ardhini. Kwa kweli sisi huitwa wa mwisho, na hilo peke yake ndilo chanzo cha nusu ya vurugu.

Jedwali la mgao likisema "shamba la ekari 3 ligawanywe sawa kwa watoto 7", linasomeka vizuri mahakamani. Ardhini kuna mto upande mmoja, nyumba ya mama katikati, makaburi, na barabara ya kuingilia ambayo lazima itoke kwenye shamba hilohilo. Ukitoa barabara, ekari 3 si 3 tena. Watoto wanapoona vipande vimepungua wanadhani mpimaji amekula. Muite mpimaji mwenye leseni pamoja na mpangaji wa matumizi ya ardhi kabla ya ombi la uthibitisho, achore mchoro wa awali wenye vipande A hadi G, vipimo vya hektari, barabara, na nani anapata kipande kipi. Mchoro huo uambatishwe na warithi wautie saini pamoja na fomu ya ridhaa ya mgao. Mahakama ikithibitisha kwa kutaja mchoro, kazi yangu inakuwa kuweka alama tu.

Andikeni "takriban" mbele ya kila kipimo kwenye jedwali la mgao. Upimaji wa mwisho ukitofautiana kwa desimali mbili na cheti hakina neno hilo, msajili ana haki ya kuuliza.

Kwa shamba la kilimo kuna Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Kuhamisha shamba zima kwa mrithi kwa njia ya mirathi hakuhitaji ridhaa ya bodi, lakini kuligawa vipande viwili au zaidi vyenye hatimiliki tofauti kunahitaji. Wengi hukariri nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na kusahau ya pili. Kwa kiwanja cha Nairobi, ugawaji unahitaji idhini ya mipango ya kaunti, nayo inatazama ukubwa wa chini unaoruhusiwa kwenye eneo hilo. Kiwanja kinaweza kuwa kidogo mno kugawika. Hapo jibu ni kukiuza au mmoja kuwalipa wenzake, na hilo linahitaji thamani ya sasa ya mthamini, si ya siku ya kifo.

Namba za viwanja vya Nairobi: sehemu kubwa imehamishwa au inahamishwa kutoka namba za zamani za LR kwenda namba za Block chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na usajili wenyewe uko Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali, tangu 2021. Upekuzi rasmi (taarifa ya msajili kuhusu mmiliki na madeni ya ardhi) wa zamani haufai. Fanya mpya mwezi wa ombi, na mwingine wiki chache kabla ya uthibitisho. Kwenye rejista weka namba zote mbili, ya zamani na mpya, kwa sababu familia inajua ya zamani na msajili anataka mpya. Upekuzi huo wa pili unakamata pia zuio lililowekwa katikati ya safari.

Hati asili: mtu mmoja azishike, awe na daftari la kutoa na kurudisha lenye tarehe na saini. Mpimaji hahitaji hatimiliki asili kuchora mchoro wa awali, nakala na upekuzi vinatosha. Ukiombwa asili mapema, uliza sababu.

---

Karani_wa_Mirathi

Asanteni sana, hasa kwa lile la mpimaji kuitwa kabla ya uthibitisho. Maswali mawili yamebaki.

Familia nyingi hutaka kila kitu kipitie kundi la WhatsApp, wakiwemo wataalamu. Mnalionaje? Na ndugu mmoja akikataa kutia saini ya ridhaa, au jirani akidai sehemu ya shamba, wataalamu wengine wasimame au waendelee?

---

Wakili_Milimani

WhatsApp ni ya kupanga saa za mkutano. Hati zisipite huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu maelezo ya mali, hali ya ndoa na majina ya watoto, wazazi na wenzi kuwa data nyeti, na rejista yetu imejaa hayo yote. Weka folda moja yenye ruhusa tofauti: mthamini aone mistari ya ardhi, mhasibu aone yote, mpimaji aone hati za ardhi na michoro. Nakala za vitambulisho vya watoto haziwahusu mthamini wala mpimaji. Familia ipewe ukurasa mmoja kila mwezi unaosema kila M imefikia wapi. Ukurasa huo ukitoka kwa tarehe ileile kila mwezi, simu za kuuliza hupungua zenyewe.

Juu ya mgogoro: usisimamishe kila kitu. Jirani au mtu wa nje anayedai kipande cha shamba ana mgogoro wa umiliki, na mahakama ya mirathi kwa kawaida haiuamui. Kanuni ya 41(3) ya Kanuni za Mirathi inaruhusu mali inayobishaniwa itengwe, umiliki wake uamuliwe kwenye kesi nyingine, na granti ithibitishwe kwa mali iliyobaki. Hapo rejista ya M inaonyesha faida yake: unaitenga M4, M1 hadi M3 zinaendelea. Mwambie mthamini na mpimaji kwa maandishi kwamba M4 imesimama, la sivyo mtu ataenda kupima ardhi yenye kesi.

Ndugu asiyetia saini ni jambo tofauti. Anaarifiwa rasmi, anapewa nafasi ya kuwasilisha hati ya kiapo ya kupinga, na mahakama inamsikiliza. Usimwache nje ya orodha ili mambo yaende haraka. Mirathi isiyo na wosia inadai majina ya wenzi wote, watoto wote, wazazi, ndugu, na watoto wa mtoto aliyefariki. Binti aliyeolewa yumo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa yumo. Barua ya chifu ya kutambulisha warithi ikimruka mmoja, irudishwe kwa chifu kabla ya kuwasilisha, maana granti iliyopatikana kwa kuficha mrithi hufutwa hata baada ya miaka na kazi ya wataalamu wote inakwenda nayo.

Kabla ya kusikilizwa, uliza kuhusu upatanishi ulioambatanishwa na mahakama, ambao ulianza Milimani mwaka 2016 ukihusisha Kitengo cha Familia. Muda wake ni siku 60. Mpatanishi akiletewa mchoro wa mpimaji na thamani za sasa siku ya kwanza, mazungumzo yanakuwa juu ya vipande vinavyoonekana. Bila hivyo kikao cha kwanza huishia kwenye lawama za miaka ya nyuma.

---

Mpangaji_Wosia

Kidogo juu ya wosia, kwa kuwa uliuliza. Huko nako wataalamu hawazungumzi, na makosa hufichika mpaka mwenyewe ameshafariki.

Wakili akimaliza kuandika wosia, amtumie mhasibu na wakala wa bima orodha ya mali iliyotajwa tu, bila majina ya wanaopewa. Wao wajibu swali moja: kati ya hizi, zipi zina fomu ya mteuliwa au umiliki wa pamoja? Mtu huandika "pensheni yangu nampa mke wangu" wakati fomu kwenye mfuko wa pensheni bado ina jina la mama yake, aliyefariki zamani. Wosia hauwezi kurekebisha hilo. Fomu ndiyo irekebishwe.

Mashahidi wawe wawili au zaidi, na wasiwe wanufaika. Shahidi anayepewa kitu kwenye wosia hupoteza alichopewa isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Kuoa au kuolewa baada ya kuandika hufuta wosia, ila kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo hasa. Kwa hiyo anayemsikia mteja akitaja harusi, awe mhasibu au wakala wa bima, amjulishe wakili kwa idhini ya mteja. Kifungu cha idhini hiyo kiwe ndani ya barua ya kazi tangu mwanzo.

Wasii (aliyetajwa kwenye wosia kuutekeleza) aambiwe kwamba ametajwa, na aambiwe wosia asili uko wapi. Nakala inaweza kupigania nafasi yake mahakamani, lakini ni safari ndefu. Wasii wakiwa wengi wasizidi wanne, na kukiwa na watoto wadogo wanaoachiwa mali watajwe angalau wawili, wakubali kwa maandishi.

Kwa familia ya Kiislamu, fahamuni mapema kama warithi wote ni Waislamu na wote wanakubali kwenda Mahakama ya Kadhi, kwa kuwa Katiba inadai yote mawili. Mafungu ya warithi hukokotolewa tofauti, na mhasibu anayetayarisha mgao wa sheria ya kawaida ya mirathi atakuwa ameandaa jedwali la kutupwa. Swali hilo liwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa faili.

---

Mhasibu_SouthC

Karani, kwa swali la nani aongoze, nafikiri tumefika hivi: msimamizi ndiye mwenye maamuzi, wakili ndiye anayejibu mbele ya mahakama, wewe ndiye unayeshika rejista na kalenda. Panga vikao vinne tu vya nusu saa: rejista ya kwanza inapokamilika, kabla ya ombi kuwasilishwa, mwezi mmoja kabla ya ombi la uthibitisho (mpimaji na mthamini lazima wawepo), na wiki ambayo cheti kinatoka. Kila kikao kiishe na mistari ya M iliyobadilika, jina la mhusika na tarehe. Kisichobadilisha mstari wowote kiandikwe kwa barua pepe.

---

Karani_wa_Mirathi

Nimeelewa. Naanza na faili tatu ambazo granti zake zina miezi 4 sasa, ili kikao cha tatu kianguke kabla ya miezi 6. Mpima ardhi, mchoro wa awali wa shamba la ekari 3 kama ulilotaja unahitaji nini kutoka kwangu?

---

Mpima_Ardhi_254

Nakala ya hatimiliki, upekuzi wa mwezi huu, ramani ya eneo kutoka ofisi ya upimaji, majina ya warithi na mafungu waliyokubaliana, na mtu mmoja wa familia wa kunionyesha mipaka, makaburi na njia ya maji. Majirani wa pande zote wajulishwe siku ya kwenda. Kama kuna anayeishi shambani humo, hata mpangaji tu, niambie kabla sijafika.